Msamaha wa Mikopo ya PPP Haukupaswa Kuombwa na Wadogo

Sheria ya CARES, ya kunusuru uchumi katika janga la korona, ilipopitishwa nchini Marekani mwezi Machi 2020, wafanyabiashara wadogo waliahidiwa mkopo wa riba ya asilimia 1, uitwao PPP, ambao ungefutwa wote iwapo fedha zingetumika kulipa mishahara na gharama chache zilizotajwa na sheria. Ahadi ilikuwa njema. Kilichonikera, na bado kinanikera, ni kwamba msamaha huo ilibidi uombwe hata na mtu asiye na mfanyakazi yeyote, ilhali benki ilikwisha kuwa na karatasi zake zote.

Tumchukue dereva anayemiliki lori moja, kazi inayowalisha Waafrika Mashariki wengi huku. Ikiwa faida yake ya mwaka 2019 ilikuwa dola 48,000, mkopo wake ulikuwa sawa na faida ya miezi miwili na nusu, yaani dola 10,000, na hesabu hiyo ilitokana na fomu ya kodi aliyoiwasilisha benki alipoomba. Hata hivyo, kwa masharti ya mwanzo alihesabiwa ujira wake wa wiki 8 tu, takriban dola 7,385, na kiasi kilichobaki ilimpasa akionyeshe kwa risiti za pango, umeme na gharama nyingine za namna hiyo, wakati ofisi yake ni kiti cha lori. Fomu ya kwanza ya kuomba msamaha, iliyotoka Mei 2020, ilikuwa na kurasa 11, na sehemu kubwa yake ilihusu idadi na mishahara ya wafanyakazi ambao dereva huyu hakuwa nao. Kampuni kubwa ilimkabidhi mhasibu kazi hiyo. Huyu alibaki nayo mwenyewe, usiku, baada ya kuegesha.

Juni 2020 Bunge lilirefusha kipindi hicho cha matumizi kutoka wiki 8 hadi wiki 24, na kwa mabadiliko hayo peke yake mkopo mzima wa dereva wetu ulitosha kusamehewa. Desemba mwaka huohuo ikaamuliwa kwamba mikopo isiyozidi dola 150,000 iwe na fomu ya ukurasa mmoja. Agosti 2021, SBA, idara inayosimamia biashara ndogo, ikafungua tovuti ya kupokea maombi moja kwa moja kwa niaba ya benki zilizokubali kushiriki. Kama ukurasa mmoja ulitosha Desemba, sioni kwa nini ulihitajika hata huo.

Najua nitajibiwa kwamba kulikuwa na matapeli. Walikuwapo, tena wengi, lakini aliyebuni kampuni hewa alifanya hivyo wakati wa kuchukua fedha, na fomu ya msamaha angeijaza kwa uongo uleule. Mwaka 2022 serikali ilijiongezea muda wa kuwashtaki hadi miaka 10, jambo ambalo lingewezekana hata kama wadogo wangesamehewa bila kuomba.

Kilichozidisha mkanganyiko ni mkopo wa EIDL, uliotolewa na SBA yenyewe katika janga hilohilo kwa riba ya asilimia 3.75 na muda wa miaka 30, ambao hausamehewi. Wapo waliokuwa na yote miwili wakadhani fomu moja imefuta yote. Kwa upande wa PPP, ambaye hakuomba ndani ya miezi 10 baada ya kipindi chake kwisha alianza kudaiwa marejesho, hata kama kila senti aliitumia ilivyotakiwa.