Voisi ya Bandani

Mke wangu ana sheria moja: nikialikwa kuombea chakula, yeye hafunui sufuria mpaka asikie "Amina" ya mwisho. Anasema "ya mwisho" kwa sababu mimi huwa nina amina tatu. Mbili za kwanza ni za kupumzikia.

Sikuwa hivyo zamani. Nilikuwa na sala ya kawaida tu, "ubariki chakula hiki na mikono iliyokiandaa", watu wakala kikiwa moto. Kisha siku moja msibani maneno yakanijia yenyewe, na mama mmoja akanishika mkono akaniambia, "Baba Upendo, Mungu amekupa kinywa." Basi, nikapotea hapo. Nikajifunza kuanza chini na kupanda, kutetemesha sauti kwenye "Yehova Yire", na kumsimulia Mungu historia yake mwenyewe kana kwamba ameisahau: wewe uliyemwita Ibrahimu kutoka Uru wa Wakaldayo, wewe uliyempasulia Musa bahari. Kwa kawaida ugali hupoa tukiwa bado tunazunguka kuta za Yeriko, na Danieli hata hajazaliwa.

Mke wangu alipolalamika nilimpa andiko. Nikamwambia akasome 1 Wafalme sura ya 8, aone Sulemani aliomba kwa urefu gani. Akasoma. Akarudi akaniambia, "Sulemani alikuwa anazindua hekalu. Wewe ulikuwa unaombea maharage."

Sasa, mwaka huo zamu ya maombi siku ya mavuno iliangukia jumuiya yetu. Kwetu Walutheri siku ya mavuno kanisa hugeuka nusu soko. Watu wanaleta mahindi, mikungu ya ndizi, trei za mayai, maboga, mbuzi amefungwa nje, kuku wamefungwa miguu wamelazwa mbele ya madhabahu, na ibada ikiisha vyote vinaingia mnadani. Tena safari hii mkuu wa jimbo angekuwepo. Katibu wa jumuiya akanipigia Jumatano: "Baba Upendo, sala ni yako. Dakika tatu." Nikamwambia sawa. Akarudia, "Tatu, baba," kwa sauti ya mtu anayemwaga maji mchangani.

Ijumaa jioni nikaandika kwenye gurupu la jumuiya: "Wapendwa katika Bwana, kwa ajili ya jukumu lililo mbele yetu naingia katika mfungo. Simu nitaizima hadi Jumapili baada ya ibada. Msinitafute." Nikakaa kuangalia watakavyopokea. Zikaja amina kumi na nne. Nilizihesabu. Na hizo amina ndizo zilizonimaliza, kama mtakavyoona.

Mimi nina tabia ya kujitumia vitu kwenye namba yangu mwenyewe: risiti, namba ya fundi bomba, wazo la biashara. Hayo mazungumzo yangu na nafsi yangu nimeyabandika juu kabisa ya orodha, na chini yake gurupu la jumuiya. Lakini gurupu likipata ujumbe mpya, hupanda juu, nami nikashuka wa pili. Hilo nililijua siku zote. Usiku ule halikunijia.

Saa nne usiku nilichukua tochi nikaenda kwenye banda la kuku kufanya mazoezi. Ndani nisingeweza, mke wangu angesikia. Nikasimama katikati ya kuku ishirini waliolala, nikabonyeza kinasa sauti cha WhatsApp, nikaomba. Lengo lilikuwa nijisikilize, nirekebishe. Dakika saba na ushee. Nikaachia kidole, nikasikia ule mlio wa kutuma, nikajiambia nitasikiliza baadaye. Halafu, kwa kuwa mfungo ni mfungo, nikazima simu.

Ile voisi ninayo mpaka leo. Kila mtu kwetu anayo. Inaanza hivi, neno kwa neno:

"Ee Baba mwenye upole na rehema… hapana, juu mno. Eee Baba. Eeee Baba. Hapo. Mwenye upole na rehema, tunakuja mbele zako… hapa pumua. Sisi ni mavumbi, Bwana. Mavumbi na majivu. Majivu isisahaulike, inaingia vizuri. Tunajishusha, tunajishusha kabisa… sauti ishuke hapa. Ukiwakumbuka wajane… na hapa ndipo machozi. Si mengi. Kitambaa mkono wa kushoto. Hesabu moja, mbili, tatu, ndipo uendelee. Mkuu wa jimbo lazima aulize, 'Huyu ni nani?' Na safari hii wakininyima uzee wa kanisa, basi tena."

Hapo ndipo mwanga wa tochi ulipomwamsha jogoo. Akawika. Na mimi nikasikika waziwazi, kwa sauti ambayo watoto wangu wanaijua na kanisa lilikuwa halijawahi kuisikia: "Nyamaza wewe shetani!" Kisha papo hapo, laini kama mafuta ya nazi: "Ee Baba mwenye upole…"

Gurupu lina watu sitini na moja. Mchungaji yumo.

Jumamosi yote nilishinda chumbani na Biblia, simu imezimwa, tumbo linanguruma. Mke wangu alipita mara mbili mlangoni akaniangalia mtu anavyoangalia gari lililoegeshwa vibaya. Sikuelewa. Baadaye nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema, "Uliandika usitafutwe."

Jumamosi hiyo hiyo alfajiri jumuiya walikutana kama kawaida, bila mimi, na somo lilikuwa Luka 18, Farisayo na mtoza ushuru. Katibu anaapa lilikuwa kwenye ratiba tangu zamani. Wakasoma lile la "nafunga mara mbili kwa juma", na nimeambiwa hapo kikohozi kilizunguka sebule nzima. Nimelifikiria sana somo lile tangu siku ile, na kwa haki kabisa naona Farisayo ameonewa. Yeye, Biblia inasema, aliomba moyoni mwake. Mimi nilirekodi.

Jumapili asubuhi mke wangu akaingia bandani kuchagua sadaka yetu. Akatoka na jogoo. Nikamwambia, "Si tulikubaliana tutoe tetea mmoja?" Akasema huyu ndiye amemwona anafaa. Nikasema haya. Nimefunga, sitaki ugomvi.

Kanisani nilipokelewa vizuri kuliko siku zote. Mzee mmoja akanishika mkono kwa mikono miwili akasema, "Mavumbi na majivu, ndugu yangu," nikaona huyu naye amekomaa kiroho. Vijana wa kwaya walinipisha njia huku wamebana midomo. Katibu akanisogelea sikioni: "Kitambaa unacho?" Nikamwonyesha, mkono wa kushoto. Akaondoka haraka sana, mabega yanatikisika.

Mlangoni nilikutana na bibi yetu, yule mwenye umri wa kumzaa mama yangu. Huyu bibi ukikaa karibu naye wakati wa sala husikii kitu. Midomo tu inacheza, kama Hana mbele ya kuhani Eli, na vidole vinasokota pindo la kitenge, vinasokota na kuachia. Simu yake ni ya tochi, ya kitufe, lakini mjukuu anayo ya kisasa. Akafungua mkoba akanipa leso ya kiume, kubwa, imepigwa pasi, mikunjo minne. "Chukua hii, baba. Hicho chako kidogo." Niliguswa kweli. Nikasema moyoni, watu hawa wananipenda.

Zamu yangu ikafika. Nikasogea kwenye kipaza sauti, nikafumba macho, nikaanza. Eeee Baba. Juu yake palikaa sawasawa. Nilipofika pa kupumua, nikapumua, na nikasikia upande wa kulia, kwenye mabenchi ya jumuiya yetu, watu kama thelathini wakivuta pumzi pamoja nami. Nikadhani ni Roho.

"Sisi ni mavumbi, Bwana…"

"Na majivu," mtu akanong'ona.

Hakunong'ona kwa ubaya. Alinong'ona kwa upendo, kama mwalimu anavyomchomekea mtoto mstari wa shairi siku ya wazazi. Nikafungua jicho moja. Mchungaji alikuwa anatazama dari. Kwaya ya akina mama wote walikuwa wameinama, na sijawahi kuona akina mama wameinama kiasi kile. Jasho likaanza kunitoka, lakini mtu ukishapanda mbuyu huwezi kushukia katikati. Nikaendelea. Nikajishusha, nikajishusha kabisa. Nikafika kwa wajane.

Machozi hayakuja. Nikasubiri. Moja, mbili, tatu. Kanisa likatulia mpaka nikasikia feni. Nikakumbuka mambo yote ya huzuni ninayoyajua, nikamkumbuka hata marehemu ng'ombe wangu, wapi. Macho makavu kama dagaa. Na katika kimya kile, sauti ya mwanamume kutoka benchi la tatu, taratibu, ikasema:

"Sasa."

Hapo ndipo jogoo alipowika. Yule yule, wa kwangu, amelazwa ubavu kati ya boga na debe la mahindi, miguu imefungwa, akainua shingo akawika kana kwamba ameitwa jina. Na kabla mwangwi haujaisha, mtoto mmoja mdogo mbele kabisa, mikono amekunja vizuri kabisa kama alivyofundishwa, akasema kwa sauti ya wazi:

"Nyamaza wewe shetani!"

Sitaeleza kicheko kile. Kwaya iliangusha kinanda. Mzee wa mavumbi na majivu ilibidi atolewe nje apigwe na hewa. Mimi nilibaki pale na kipaza sauti, leso ya bibi mkono wa kulia, kitambaa changu mkono wa kushoto, na mambo yakanijia kinyumenyume: "sasa", majivu, kitambaa, gari lililoegeshwa vibaya, amina kumi na nne, banda. Gurupu. Miguu ikaniisha nguvu kama ya Petro pale mawimbi yalipoanza, na Petro kumbukeni alikuwa na maneno mawili tu: "Bwana, niokoe." Mimi kinywa chote nilichopewa kilikauka, kikatoa haya:

"Ee Mungu, nimeumbuka. Amina."

Nilijibiwa amina ambayo sijawahi kujibiwa maishani mwangu. Na ndipo machozi yakaja, ya kweli, na kamasi juu yake, na ile leso kubwa ikawa haitoshi. Mchungaji akaja akasimama kando yangu, hakusema neno juu ya lililotokea, akanishika bega akaanza, "Baba yetu uliye mbinguni," na kanisa zima likaipokea. Nilikuwa nimeisema sala ile maelfu ya mara nikiwaza itakayofuata, ya kwangu. Siku ile niling'ang'ania kila neno kama mtu aliyeshika kamba ya kisima. Baadaye niliipima nyumbani kwa saa. Ni kama nusu dakika.

Nikiwa narudi kukaa nilimwona mkuu wa jimbo akimwinamia mchungaji. Sikusikia, lakini midomo niliisoma vizuri kabisa: "Huyu ni nani?"

Mnadani mambo hayakuwa mazuri pia. Jogoo aliponyanyuliwa, umati ulishangilia kama timu imefunga. Jogoo wa elfu thelathini. Nikasema elfu thelathini nimalize aibu. Katibu akasema arobaini. Nikasema hamsini. Kwaya wakachanga wakasema sitini, bibi yule akasema sitini na tano, naye hana kuku wala banda. Nilimnunua jogoo wangu mwenyewe kwa elfu themanini, nikampakata njiani kurudi nyumbani, ananitazama kwa jicho moja.

Siku hizi katibu akinipa zamu hasemi dakika tatu, ananiambia tu, "Kama ile ya mavuno." Uzee wa kanisa hawajanipa. Kuna watu wameanza kunisifu kwamba nimekuwa mnyenyekevu, na juzi nilijikuta naiangalia sifa hiyo kwenye kioo, nikakaza uso, nikaacha haraka.

Jogoo tunaye bado. Mke wangu amekataa asichinjwe. Mezani nikianza "Ee Baba" na kupitiliza kidogo, nikiwa hata Ibrahimu sijamtoa Uru, huwa anawika kule nyuma, na mke wangu anasema "Amina" hapo hapo na kufunua sufuria.