Gemu zangu nazitaka ndani ya boksi

Hapa Tanga naulizwa mara kwa mara: kwa nini uhangaike kutafuta gemu ya video ya boksi, yenye diski au kadi yake, wakati mtandaoni ipo, tena huenda kwa bei ya punguzo? Nahangaika kwa sababu ya boksi ni mali yangu. Ile ya mtandaoni nimeruhusiwa kuitumia tu, na aliyeniruhusu anaweza kughairi. California wameshalitungia sheria jambo hili: tangu Januari 2025, duka likikuuzia leseni ambayo linaweza kuiondoa, halina ruhusa ya kukuandikia "nunua" bila kukueleza wazi kwamba unachopata ni leseni.

Gemu hupotea kweli. P.T. ya kampuni ya Konami ilitoka 2014 na mwaka uliofuata ikaondolewa dukani. Aliyeifuta kwenye mashine yake hakuweza kuishusha tena. Mwaka 2023 Nintendo walisitisha mauzo ya mtandaoni ya gemu za mashine zao za 3DS na Wii U, na gemu ambazo hazikuwahi kutengenezewa kadi wala diski hazina tena pa kununuliwa. Mwaka huohuo Video Game History Foundation, taasisi ya Marekani ya kuhifadhi historia ya gemu, walitoa utafiti: asilimia 87 ya gemu za zamani zilizotolewa Marekani, yaani za kabla ya 2010, haziuzwi tena popote kwa njia rasmi.

Kwetu kuna na suala la bando. Diski ya PS4, yaani mashine ya PlayStation 4, inabeba hadi GB 50. Piga hesabu ya kushusha mzigo huo kwa simu, huku bando lenyewe lina tarehe ya kwisha. Diski unaiweka, inajipakia, unacheza. Ukimaliza unamwazima jirani, naye akimaliza anakupa ya kwake. Kwa mtindo huo boksi moja linaweza kuzunguka kata nzima ya Makorora kabla halijarudi kwa mwenyewe, na mimi hilo linanifurahisha kuliko kuliona kabatini.

Nazipenda zaidi za PS2. Wengi wetu tulikua na CD za kunakili zilizotiwa kwenye mfuko wa nailoni, jina limeandikwa kwa kalamu, basi. Hatukujua kwamba ile halisi ilikuja na kava la rangi na kijitabu cha maelezo, na kwamba ndani ya boksi upande wa kushoto kulikuwa na kijisehemu cha kupachika memori kadi ya MB 8. Nikilipata la mtumba kutoka Uingereza, jina la mtoto aliyelimiliki limeandikwa kijitabuni, silifuti. Ni sehemu ya historia ya kile kitu.

Lakini tahadhari, si kila boksi lina gemu. Kampuni ya Ubisoft walizima seva za The Crew, gemu ya magari iliyohitaji intaneti muda wote, mwishoni mwa Machi 2024, na hata mwenye diski yake mkononi hakuweza kuicheza tena. Baadhi ya maboksi ya gemu za Switch 2, mashine ya Nintendo, yana kadi ambayo ni ufunguo tu. Gemu yenyewe unaishusha kwa bando lako. Hilo huandikwa chini kwenye kava, kwa hiyo soma kabla hujatoa hela. Boksi la namna hiyo sitaliweka kabatini kwangu hata nikipewa bure.

Wala sikubaliani na wanaonunua boksi ili lisifunguliwe. Julai 2021 nakala ya Super Mario 64 ambayo haijafunguliwa iliuzwa mnadani Marekani kwa dola milioni 1.56. Hiyo ni biashara ya mnada. Gemu imetengenezwa ichezwe, na ya diski usipoijaribu hutajua kama bado inasoma.

Kutunza ni kazi hasa kwa mji wa pwani kama wetu. Unyevu wa bahari huingiza ukungu kwenye kava na vijitabu. Simamisha maboksi wima mbali na jua, na vile vifuko vya punje vinavyokuja na viatu vipya usivitupe, vitie kabatini. Diski ifutwe kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, usizungushe.

Maktaba ya mkoa hapa Tanga inaazimisha vitabu, na sioni kwa nini gemu zisiwe na kabati lake humo, lenye kufuli na daftari la kuazimia. Wakikubali, maboksi ya kuanzia nitatoa mimi.