Ukuta unaovuja na mkataba ulionyamaza

Masika ya kwanza tangu shangazi ahamie kwenye fleti yake, ukuta wa chumba cha kulala ulianza kunywa maji. Rangi ilivimba, ikabanduka vipande vipande, na godoro likahamishiwa sebuleni. Fleti hiyo hakuinunua kwa fedha. Alitoa kiwanja cha Magomeni chenye nyumba ya vyumba sita aliyoachiwa na baba yake, mwekezaji akajenga ghorofa, wakagawana. Alipolalamika, msimamizi alimjibu: "Mama, sisi tumejenga kama ramani inavyosema."

Jibu hilo liliniuma. Liliniuma zaidi nilipogundua kwamba mahakamani linaweza kusimama.

Wengi tunaamini kwamba jambo lililo wazi halihitaji kuandikwa. Kwa kiasi fulani ni kweli. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, iliyojengwa juu ya ile ya India ya 1872, inasema ahadi isiyotajiwa muda itekelezwe ndani ya muda unaofaa, na kifungu cha 73 kinampa aliyevunjiwa mkataba haki ya fidia. Uingereza nako, katika kesi ya Hancock dhidi ya Brazier ya 1966, kifusi kilichojazwa chini ya nyumba kilikuwa na chumvi ya salfeti. Kikavimba, sakafu zikapasuka. Mjenzi hakujua, lakini alishindwa. Mahakama ilisema anayekuuzia nyumba atakayokujengea amekuahidi, hata asipotamka, kazi ya ufundi mzuri, vifaa vinavyofaa na nyumba inayokalika.

Ila miaka kumi kabla, katika Lynch dhidi ya Thorne, mkataba ulitaja ukuta wa matofali wa inchi tisa. Ukajengwa hivyo hivyo, tena kwa ufundi mzuri, na mvua ikapenya. Mnunuzi akashindwa, kwa sababu alipewa kile hasa kilichoandikwa. Sharti lililoandikwa likameza lile lisiloandikwa.

Mimi sikubaliani na hukumu hiyo, hasa kwa mikataba yetu ya ubia. Ramani ya shangazi ililetwa na mwekezaji. Vipimo alichagua mwekezaji. Shangazi alitia saini kurasa nane, na nyingi zinaeleza nani atapata fleti ipi. Ujenzi wenyewe una nusu ukurasa. Mama aliyeuza vitenge maisha yake yote angejuaje ukuta gani unahimili masika ya Dar es Salaam? Mwenye ujuzi ndiye abebe lawama ya ramani mbovu. Majaji wetu wana nafasi ya kusema hivyo, maana sheria ya Uingereza tuliyoirithi ni ile ya kufikia Julai 22, 1920. Hukumu za baadaye zinaweza kuwashawishi, haziwafungi. Natamani waitumie nafasi hiyo.

Kwa sasa jirani yake shangazi, mjane, amefuatwa na mwekezaji mwingine. Juzi nilikaa na mjane huyo barazani na rasimu ya mkataba, tukaongeza sentensi moja: "Bila kujali ramani inasema nini, mwekezaji anahakikisha kwamba nyumba itafaa kukaliwa na haitapitisha maji." Mwekezaji akauliza kuna haja gani ya kuandika jambo lililo wazi. Bibi akamwambia, "Kama liko wazi, mwanangu, saini."

Mwekezaji ameichukua rasimu akampelekee wakili wake. Tunasubiri.