Mtu Hafundishwi na Mdogo Wake

Katika ukoo wetu cheti ni cha aliyefanya mtihani, lakini matokeo ni ya ukoo mzima. Kwa hiyo mwaka 2022, Baraza la Mitihani lilipotangaza matokeo ya kidato cha sita na namba yangu ya mtihani ikaonekana ina Daraja la Kwanza la pointi nane katika tahasusi ya Fizikia, Kemia na Baiolojia, sikupewa nafasi ya kufikiri peke yangu ni vyuo gani vya udaktari niviombe. Kabla ya magharibi Baba Mkubwa alikwisha kuitisha kikao nyumbani kwetu Muheza.

Baba Mkubwa ni karani mstaafu wa ghala katika shamba la mkonge, na tangu astaafu hajakubali jambo lolote lijadiliwe bila ajenda, muhtasari na chai. Baba yangu alikuwepo, ila mbele ya kaka yake hata kupiga chafya huomba ruhusa. Bibi aliketi mkekani akinyoosha miguu. Mjomba, mfanyabiashara wa mchele, alikuwa amepita tu kusalimia akajikuta mjumbe. Shangazi, ambaye ameolewa Mwanza, alihudhuria kwa simu iliyolazwa ndani ya bakuli la bati ili sauti yake ikuzwe, na kila alipoongea bakuli lilitetemeka juu ya meza likisogea taratibu kuelekea kwa Baba Mkubwa, naye akilirudisha kwa kidole bila kuacha kuandika.

Nilikuwa na orodha yangu mfukoni. Mwombaji wa siku hizi anapeleka maombi moja kwa moja katika kila chuo anachokitaka na kulipa ada ya maombi kila mahali, tofauti na enzi za binamu yangu aliyeomba mwaka 2014 kupitia mfumo mmoja wa Tume ya Vyuo Vikuu, kwa hiyo orodha lazima iwe fupi na yenye akili. Nilikuwa nimeandika Muhimbili kwa matumaini, Dodoma kwa sababu ni chuo cha umma na ada yake inabebeka, kisha Bugando ya Mwanza na KCMC ya Moshi kwa sababu wanafunzi wake husomea palepale kwenye hospitali kubwa za rufaa, zote mbili zilizofunguliwa mwaka 1971. Niliamini kwamba hoja hizo zingetosha.

Shangazi alianza kabla ya kuulizwa. Alitaka Bugando peke yake. Alieleza kwamba hospitali iko juu ya kilima, inaonekana kutoka pande nyingi za mji, na kwamba yeye amechoka kupanda kilima kile na kukaa kwenye benchi wakati wenzake wanapita mlango wa pembeni kwa sababu wana ndugu ndani. Mjomba akasema Ifakara nako kuna chuo cha udaktari kwenye Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, na mchele wa bonde la Kilombero unajulikana, kwa hiyo kila nikirudi likizo ningeweza kurudi na gunia mbili tatu za kujaribia soko. Bibi alisikiliza yote kwa utulivu, kisha akauliza:

"Mume wangu, chuo gani kati ya hivyo wanafundisha magoti?"

Nilimjibu kwamba magoti yanafundishwa kote, kwa kuwa shahada ya udaktari wa tiba ni miaka mitano popote nchini, ikifuatiwa na mwaka mmoja wa utarajali, yaani mazoezi ya kazi hospitalini, na mwili unaosomwa ni uleule. Hakuridhika. Alitaka chuo ambacho magoti ndiyo kazi yake.

Baba Mkubwa alingoja wote wamalize, kama afanyavyo siku zote, ili apate kuwapinga kwa pamoja. Yeye aliwahi kulazwa Muhimbili kwa ngiri, na tangu hapo anaamini kwamba udaktari unaofundishwa nje ya Upanga, mtaa wa Dar es Salaam ilipo Muhimbili, ni wa kujaribia. "Muhimbili wanafundisha madaktari tangu 1963," alisema, "mimi bado natambaa. Hicho cha Dodoma kimeanzishwa lini?" Nikamwambia mwaka 2007. Aliweka kalamu chini. "Wewe umezaliwa 2003. Mtu hafundishwi na mdogo wake." Nilipoeleza kwa adabu kwamba Muhimbili yenyewe ilipata hadhi ya chuo kikuu kamili mwaka huohuo wa 2007, baada ya kuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alinitazama kwa muda mrefu, akaandika jambo kwenye muhtasari, akalikata.

Hapo ndipo alipoufungua mwongozo wa udahili wa Tume, ambao alikuwa ameuchapisha steshenari kurasa zile za udaktari tu, na akausoma kwa kalamu nyekundu. Kalamu ikasimama. Uso wake ukabadilika.

"Hapa wanataka pointi sita," alisema kwa sauti ya chini. "Kijana ana nane."

Kimya kilitanda. Kila mtu nyumbani anajua kwamba katika madaraja ya Baraza pointi chache ndizo sifa: aliyepata A tatu ana Daraja la Kwanza la pointi tatu, na aliye na pointi kumi ameshaangukia Daraja la Pili. Kwa hesabu hiyo, ikiwa chuo kinataka sita na mimi nina nane, nimepitiliza. Baba aliinamisha kichwa. Ndani ya bakuli la bati kilio kilianza, kwanza cha Shangazi, kisha cha mtu mwingine wa Mwanza ambaye hatukujua ni nani.

"Kama zimezidi mbili," Bibi alisema, "si azirudishe tu?"

Ilinibidi nichukue daftari la mauzo ya machungwa na kuchora jedwali. Nilieleza kwamba Baraza la Mitihani linapopanga madaraja huihesabu A kuwa 1, B kuwa 2 na C kuwa 3, lakini Tume ya Vyuo Vikuu inapopanga sifa za kujiunga huigeuza hesabu hiyo juu chini, A ikawa 5, B ikawa 4, C ikawa 3, D ikawa 2 na E ikawa 1. Mimi nilikuwa na B ya Baiolojia na C mbili, ambazo kwa Baraza ni nane na kwa Tume ni kumi. Sita ya Tume ni ya mtu mwenye D tatu, na ndicho kiwango cha chini cha kuruhusiwa kuomba, si cha kuhakikishiwa nafasi. Nilisema kwamba nimevuka kwa pointi nne.

Baba Mkubwa alilikagua jedwali lile kama alivyokuwa akikagua hesabu za marobota ya katani, mstari kwa mstari, akitafuta mwizi.

"Yaani nchi moja, herufi moja, bei mbili?"

"Ndiyo, Baba Mkubwa."

"Na hiyo C nayo mbona haibadiliki? Huku tatu, na huku tatu?"

Nilimwambia C ipo katikati ya A na E, kwa hiyo mizani ikigeuzwa yenyewe inabaki palepale. Alisema kitu kisichobadilika bei kwa Baraza wala kwa Tume kinatia shaka, na akapendekeza kikao kiahirishwe hadi aandike barua ya kuuliza. Mama, ambaye muda wote alikuwa akimimina chai, ndiye aliyeokoa jahazi. "Shemeji," alisema, "mtoto amefaulu au hakufaulu?" Baba Mkubwa alijibu kwamba kwa Baraza amefaulu, na kwa Tume uchunguzi unaendelea. "Basi aombe," Mama akasema, "wao wenyewe watajua wanatumia pointi zipi." Muhtasari uliandikwa kwamba maombi yapelekwe Muhimbili, Dodoma, Bugando na KCMC, Dodoma ikiwa "kwa dharura tu". Ifakara iliondolewa baada ya Mjomba kugoma kuchangia ada ya maombi.

Ikabaki namba ya simu ya kuandika kwenye fomu. Laini yangu ilikuwa imefungiwa kwa kutosajiliwa kwa alama za vidole, kwa sababu namba yangu ya kitambulisho cha taifa ilikuwa bado haijatoka, na baruapepe yangu aliifungua kijana wa steshenari kwa nenosiri alilolijua yeye mwenyewe, halafu akahamia Handeni. Baba Mkubwa akatoa namba yake kwa heshima kubwa, na katika fomu zote nne mtu wa kupokea habari za udaktari wangu akawa yeye.

Yaliyofuata yalikwenda kwa utaratibu wake. Dirisha la awamu ya kwanza lilifungwa, tukasubiri, majina yakatoka. Muhimbili wenye herufi nzuri kuliko zangu walijaa, KCMC vilevile, lakini nilichaguliwa Dodoma na Bugando. Mwombaji aliyechaguliwa na zaidi ya chuo kimoja anatakiwa kuthibitisha kimoja kabla ya tarehe iliyotangazwa, kwa kutumia namba maalumu ya siri anayotumiwa kwa ujumbe mfupi. Nilikwenda kwa Baba Mkubwa, nikamwamkia, nikamuuliza kama amepokea ujumbe wowote.

"Nimepokea wa tapeli," alisema akitabasamu. "Nimemweza."

Ikumbukwe kwamba Baba Mkubwa ni miongoni mwa Watanzania waliowahi kupokea ule ujumbe wa "ile hela itume kwenye namba hii", na tangu siku aliyoponea chupuchupu amekuwa mlinzi asiyelala. Alinieleza dalili zote. Ujumbe haukuwa na salamu. Haukumtaja kwa jina lake. Ulikuwa na mchanganyiko wa herufi na tarakimu usiosomeka, ukitaka mtu athibitishe jambo ambalo yeye hajaliomba. Aliufuta papo hapo, akaifungia namba iliyoutuma, kisha akawatangazia wenzake kwenye baraza la kahawa wajihadhari na matapeli wapya wanaojifanya vyuo vikuu. Wazee wawili watatu waliandika.

Ahueni ni kwamba mwombaji asiyepata ujumbe anaweza kuingia kwenye akaunti yake katika mfumo wa chuo na kuomba atumiwe upya. Kazi ikawa kuifungulia ile namba, jambo ambalo Baba Mkubwa alilifanya awali bila kujua amelifanyaje. Mjukuu wake wa darasa la sita aliishika simu, akabonyeza mahali, akairudisha kabla mzee hajamaliza kumwonya asiiharibu. Niliomba namba upya kutoka steshenari, nikampigia.

"Imeingia," alisema.

"Nisomee, Baba Mkubwa."

"Siwezi."

Nilidhani ni miwani. Haikuwa miwani. "Redioni wanasema kila siku," alinieleza kwa upole wa mtu anayenipenda, "namba ya siri usimpe mtu yeyote, hata kama anajitambulisha kuwa ndugu yako. Na wewe unanipigia kwa namba nisiyoijua." Nilikuwa natumia simu ya steshenari. Nikamwambia ni mimi, mtoto wa mdogo wake. Akaniuliza jina la babu yake mzaa mama, ambalo hata baba yangu halijui. Simu ikakatwa.

Alikuja mwenyewe jioni, kwa bodaboda, amevaa koti, simu ikiwa mfuko wa ndani. Alimtaka mhudumu wa steshenari asogee, akamtaka na mteja aliyekuwa akidurufu picha za pasipoti asogee, na mimi akaniruhusu nisimame nyuma ya kiti kwa sharti la kutazama ukutani. Aliandika kwa kidole kimoja. Mfumo ukakataa, kwa sababu palipotakiwa herufi O aliweka sifuri. Akasema sifuri ndiyo sahihi na kosa liko kwenye kompyuta. Alipoandika upya, akafika mahali pa kuthibitisha chuo, na ukurasa uliokuwa mbele yake ulikuwa wa Dodoma.

Suala hilo lilikuwa limekwisha kuamuliwa nyumbani na Mama, kwa hoja moja: ada ya Bugando ilizidi ya Dodoma zaidi ya mara mbili, na mgao wa Bodi ya Mikopo hutoka baada ya mtu kuthibitisha chuo, si kabla. Baba Mkubwa alilijua hilo. Hata hivyo alikaa akiutazama ule ukurasa, kidole kikiwa hewani, hadi mhudumu akauliza kama mtandao umekata.

"Mdogo wako huyu," hatimaye aliniambia, "umheshimu." Akabonyeza.

Kilichosalia kilikuwa Shangazi, ambaye kwa imani ya kile kikao alikuwa amekwisha kuninunulia godoro na kuwaaga wapangaji wa chumba cha uani. Alipopata habari alitoa hukumu kwamba godoro litakwenda Dodoma kwa basi na nauli yake itatoka kwa mwenye simu, na Baba Mkubwa, kwa mara ya kwanza katika kumbukumbu za ukoo, alilipa bila kudai risiti. Nililikuta kwenye ofisi ya mizigo ya stendi siku niliyofika Dodoma. Shangazi alikuwa amelizungushia kamba ya mkonge na kuliandika kwa wino mwekundu, ubavu mzima: DAKTARI WA MAGOTI. Bibi alikuwa amempigia.

Mhudumu wa mizigo alisoma maandishi, akanitazama, akasoma tena. Kisha akafunga mlango wa ofisi, akaweka mguu juu ya gunia la karanga, akakunja suruali hadi juu ya goti, akasema hili la kushoto linamwuma tangu masika. Nilimwambia sijasajiliwa hata chuoni. Akasema hana haraka, ila na godoro nalo halina haraka. Niliinama, nikalibonyeza goti lile mahali pawili kwa uso wa kitaalamu, nikamshauri alipumzishe na apunguze kubeba mizigo mizito. Alinijibu kwamba mizigo ndiyo kazi yake, akanisaidia kupakia godoro kwenye bajaji, kisha akanidai shilingi elfu mbili za kulitunza.