Pande la Mnyama Vitani: Unene Wake Unanunua Nini?

Katika pambano la Pokémon la kiwango cha 50, Iron Hands, mnyama mzito, akiwa na namba kamili za kuzaliwa (zile IV), ana uhai wa 229 hata kabla hujamwongezea pointi moja ya mazoezi. Garchomp, joka lililoanza kutisha watu mwaka 2006, ukimjaza uhai hadi kikomo anaishia 215. Shambulio la msingi, yaani namba ya mnyama kabla kiwango na mazoezi havijahesabiwa, ni 140 kwa Iron Hands na 130 kwa Garchomp. Kwa hesabu hizo mbili mtu angedhani ubishi umekwisha, lakini kuna safu ya tatu: kasi ya msingi ya Garchomp ni 102, ya Iron Hands ni 50.

Mchezo huu huenda kwa zamu. Kila upande unachagua pigo lake bila kuonana na mwenzake, kisha mwenye kasi anapiga kwanza. Mnyama akizimia kabla ya kufikiwa, pigo alilokusudia limekufa naye. Ndiyo maana kuna kambi ya wachezaji inayoona pande la mnyama, yule mwenye mwili wa kustahimili na mkono wa kuumiza kwa pamoja, kuwa ni kujidanganya. Mshika mbili moja humponyoka, wanasema: ukitaka ukuta chukua ukuta, ukitaka muuaji chukua muuaji mwepesi amalize kazi kabla hajaguswa. Kambi ya pili inajibu kwa methali yake, kwamba simba mwenda pole ndiye mla nyama. Mwepesi akikosea mara moja amekwenda. Mzito anakosea, anakula pigo, na bado yupo.

Nimecheza katika kambi zote mbili na nimepigwa katika zote mbili. Siku hizi naegemea ya pili, ila kwa sharti: unene wa mnyama uhesabiwe kwa zamu, usihesabiwe kwa pointi. Kama huwezi kutaja ni pigo gani hasa anatakiwa kulistahimili, na zamu hiyo ya ziada ataitumia kufanya nini, kambi ya kwanza ina haki ya kukucheka.

Zamani swali hili halikuwapo. Katika matoleo ya Gold na Silver ya mwaka 1999 mazoezi hayakuwa na bajeti. Ungeweza kumjaza mnyama kila safu mpaka mwisho. Snorlax alitawala enzi ile akiwa na uhai wa msingi 160 na shambulio 110, na hakulazimika kuchagua. Alitumia Curse, inayoongeza shambulio na ulinzi na kupunguza kasi ambayo hakuwa nayo hata hivyo, akaumia, akalala kwa Rest akarudisha uhai wote, akaendelea. Ruby na Sapphire za mwaka 2002 ndizo zilizoleta kikomo: pointi 510 za mazoezi, zile EV, na zisizidi 255 kwa safu moja, kiasi kilichoshushwa hadi 252 katika X na Y za mwaka 2013. Yaani safu mbili unazijaza, nyingine zinabaki karibu zilivyo. Tangu hapo kila pande la mnyama lina deni mahali fulani.

Sasa tulipime hilo deni. Iron Hands mwenye hulka ya Adamant, ile inayoongeza shambulio kwa asilimia 10, akipewa pointi zote 252 za shambulio anafika 211. Akinyimwa zote anabaki na 176. Tofauti ni kama asilimia 17, na mara nyingi watu huitaja kana kwamba ni hasara moja isiyobadilika. Chukua pigo ambalo, kwa shambulio kamili, linakula kati ya asilimia 51 na 60 ya uhai wa adui. (Kila pigo lina bahati yake: mchezo unalizidisha kwa namba ya nasibu kati ya 0.85 na 1.) Mapigo mawili yanamwangusha, bila swali. Ondoa zile pointi, pigo linashuka hadi kati ya 42 na 50, na mawili hayatoshi tena ila kwa bahati ya ajabu. Umepoteza zamu nzima. Lakini chukua adui mwingine, anayeliwa kati ya asilimia 66 na 78. Ukipunguza mazoezi analiwa 55 hadi 65, na bado anaanguka kwa mawili. Hapo zile pointi 252 hazikukununulia kitu. Mnyama ni yuleyule na kipunguzo ni kilekile. Kwa adui mmoja umeumia, kwa mwingine umepata pointi za bure za kupeleka kwingine.

Upande wa kujikinga nao una hesabu yake, na hapa ndipo naona makosa mengi. Watu humjaza mnyama mnene uhai kwa sababu uhai unasaidia dhidi ya kila aina ya pigo. Ni kweli, ila Iron Hands tayari anao. Pointi 252 za uhai zinamtoa 229 hadi 261, nyongeza ya asilimia 14. Pointi hizohizo zikienda kwenye ulinzi maalumu, ule unaokinga mapigo yasiyo ya kimwili na ambao kwake ni dhaifu, zinautoa 88 hadi 120, yaani asilimia 36. Sasa mvalishe Assault Vest, fulana iliyoingia mwaka 2013 katika X na Y, inayozidisha ulinzi maalumu kwa nusu nzima: 88 inakuwa 132 bila pointi hata moja, na 120 inakuwa 180. Pigo maalumu lililokuwa linakula asilimia 60 ya uhai wake kwa fulana tupu, sasa linakula 44. Mapigo mawili yamekuwa matatu. Ungeweka pointi zile kwenye uhai, pigo lingeshuka hadi karibu 53 tu, na mawili bado yangemmaliza.

Kwa hiyo sipendi ule mgawanyo wa huku kidogo na kule kidogo unaoonekana wa busara kwenye karatasi. Pande la mnyama linafaa likiwa nene upande mmoja kwa makusudi, upande wa pili ukaachiwa wenzake kwenye timu. Anayegawa sawasawa mara nyingi hupata mnyama anayezimia akiwa amekosa pointi chache huku na chache kule.

Kambi ya wepesi ina hoja moja ambayo sijaweza kuijibu kikamilifu. Wanasema kasi haina bahati nasibu: ukimzidi mwenzako kwa pointi moja umemzidi, basi. Kinga, kwa upande wake, inamomonyoka. Stealth Rock, mawe yanayotegwa uwanjani, yanamlia mnyama asiye dhaifu wala sugu kwa aina ya mwamba sehemu moja ya nane ya uhai kila anapoingia. Mnyama kama huyo ambaye angestahimili mapigo mawili ya asilimia 44 akiwa mzima, akiingia juu ya mawe anabaki na 87.5 na mawili hayo yanatosha kumzika. Dragonite ni mfano mchungu zaidi. Kipaji chake cha Multiscale hupunguza pigo kwa nusu, ila uhai uwe kamili. Mawe yanamlia robo nzima na kuvunja kipaji kabla hajafanya lolote. Kasi ya mnyama mwepesi haipunguzwi na mawe.

Jibu langu la nusunusu ni kwamba kasi nayo ina udhaifu wake: ikikosekana kwa pointi moja, zile nyingine zote ulizoziweka ni kama hukuziweka. Unene unalipa kidogokidogo. Leftovers, masalia ya chakula yanayorudisha sehemu moja ya kumi na sita ya uhai kila mwisho wa zamu, yanaonekana kitu kidogo mpaka uyafanyie hesabu: pigo la asilimia 53 likirudiwa mara mbili linapaswa kuua, lakini katikati umerudishiwa 6.25, ukabaki hai kwa robo ya asilimia moja. Robo! Na aliye hai kwa robo anapiga kwa nguvu ileile ya mzima.

Ila huo uhai unaobaki ndio unaowaponza wengi, nami nikiwamo. Katika pambano moja la wawili kwa wawili nilikuwa na Iron Hands mwenye fulana, na kila mwenzake alipotishiwa nilimwingiza yeye. Zamu ya kwanza akala Heat Wave, pigo la moto, ambayo ingempiga Amoonguss wangu. Nikamtoa, nikamrudisha zamu ya tatu ale tena. Alipopata nafasi hatimaye nikaamuru Drain Punch, ngumi inayorudisha nusu ya madhara inayoyatoa, na ndiyo niliyokuwa naitegemea kumponya. Mpinzani akaleta Flutter Mane, ambaye ni wa aina ya mzimu, na ngumi ikapita hewani. Kufikia zamu ya sita alikuwa amestahimili kila kitu na hajaua chochote. Alipozimia, mpinzani alikuwa na wanyama watatu wazima.

Kosa halikuwa la mnyama wala la mgawanyo wa pointi. Nilimtumia kama mto wa kukalia. Ukuta wa kweli, Slowbro kwa mfano, ana namna ya kulipia kazi hiyo: mwenye kipaji cha Regenerator hurudishiwa theluthi ya uhai kila anapotolewa. Pande la mnyama kwa kawaida halina, na kila pigo unalolilisha kwa ajili ya wengine linatoka kwenye zile zamu mbili au tatu ulizomnunulia za kushambulia. Na fulana inakata njia nyingine: anayeivaa haruhusiwi mapigo yasiyoumiza, hivyo hana Protect, pigo la kujikinga kwa zamu moja. Katika pambano la wawili kwa wawili, ambapo maadui wawili wanaweza kumwelekea mmoja kwa zamu moja, kukosa kinga hiyo ni gharama nzito. Mnene anayekula mapigo mawili ya nusu kwa zamu moja hana tofauti na mwembamba.

Kuna njia za kuufanya uzito wenyewe uwe faida. Trick Room hugeuza mpangilio ili mwenye kasi ndogo atangulie, na hapo kasi ya 50 inageuka neema. Ila inadumu zamu tano ikihesabiwa na ile ya kuiwasha, kwa hiyo za kushambulia ni nne, na mpinzani mzoefu atazimaliza kwa Protect na kubadilisha wanyama. Naipenda zaidi njia ya mapigo yanayotangulia bila kujali kasi. Scizor ana kasi ya msingi 65, si kitu, lakini Bullet Punch yake ya nguvu 40 inapandishwa na kipaji cha Technician hadi 60, na kwa kuwa ni ya aina yake ya chuma inazidishwa tena kwa moja na nusu. Adui mwepesi aliyebaki na uhai kidogo anakuta kasi yake haina kazi. Hapo unene unakwenda sambamba na silaha: unastahimili pigo moja, unajibu kwa zito, kisha unamalizia kwa lile linalotangulia.

Kingambit ndiye anayenionyesha jambo hili vizuri zaidi. Uhai wa msingi 100, shambulio 135, ulinzi 120, na kipaji kinachomwongezea nguvu kwa asilimia 10 kwa kila mwenzake aliyezimia, hadi asilimia 50. Mnyama wa hivi anataka kufichwa. Ukimwingiza mapema umechoma unene wake kabla nguvu haijafika. Ukimbakiza mwisho akiwa mzima, kila pigo anaweza kulilipa mara mbili. Hata hivyo Sucker Punch yake, pigo linalotangulia, hufeli mpinzani asipochagua kushambulia, na pigo la aina ya mapigano linamuumiza mara nne. Kwa hilo hakuna pointi za mazoezi zitakazomwokoa.

Linalobaki ni moto. Mnyama wa shambulio la kimwili akiunguzwa, madhara yake yanakatwa nusu, na unene wake wote unageuka muda mrefu wa kupiga makofi. Conkeldurr mwenye kipaji cha Guts anacheka, maana kuungua kunamwongezea nguvu kwa nusu badala ya kumpunguzia, na Ursaluna mwenye kipaji hicho hujiunguza mwenyewe kwa Flame Orb. Wengine hawana bahati hiyo. Wepesi huunguzwa pia, lakini mara nyingi mwepesi ameshapiga kabla ya Will-O-Wisp, pigo la kuunguza, kumfikia. Mzito anaungua kwanza, kisha anapiga kwa nusu. Kwa hiyo timu yangu ikikosa mnyama wa aina ya moto, au mwingine yeyote wa kuingia bila hofu mbele ya waunguzaji, Iron Hands simchukui, hata fulana yake iwe imeshahesabiwa hadi pointi ya mwisho.