Tusisubiri Akohoe Ndipo Tujue Anapaliwa

Mgonjwa aliyepandikizwa mapafu asinyweshwe maji kwa kijiko huku tukisikiliza kama atakohoa. Kipimo hicho kinadanganya. Neva za mapafu hukatwa yanapotolewa kwa mtoaji na haziunganishwi tena, kwa hiyo maji yakipita chini ya mshono wa bomba la hewa, mwili haushtuki. Anapaliwa kimyakimya, na kupaliwa huko kunahusishwa na nimonia na hata mwili kulikataa pafu polepole.

Chanzo kimoja cha kupaliwa huko tunakiingiza wenyewe: kifaa cha eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, kinachopitishwa kwenye umio wakati wa upasuaji. Siungi mkono kukiacha. Mshipa mkuu wa pafu ukibanwa, upande wa kulia wa moyo unaweza kuelemewa ghafla, na eko ndiyo inayoonyesha hilo, pamoja na kama vena zilizoshonwa zinapitisha damu. Lakini kichwa cha kifaa hicho kina unene wa zaidi kidogo ya sentimita 1, na mrija wake hukaa kooni kwa saa nyingi ukigandamizana na mpira wa hewa, ule wa kumpumulishia mgonjwa.

Basi kifaa kinapoingizwa kipakwe jeli, kufuli lake lifunguliwe, taya la mgonjwa liinuliwe. Kikikwama, kisisukumwe, koromeo litazamwe kwa laringoskopu, chombo chenye taa cha kutazamia koo. Picha ikishapatikana, kichwa cha kifaa kinyooshwe, kisiachwe kimepinda. Mwenye skleroderma, ugonjwa unaokakamaza ngozi na viungo vya ndani, aulizwe mapema habari za umio wake, kwani mara nyingi tayari ni dhaifu. Shinikizo la puto la mpira wa hewa nalo lisizidi sentimita 30 za maji.

Eko haibebi lawama peke yake. Kukaa na mpira wa hewa siku nyingi hudhoofisha koo, na neva ya kushoto ya zoloto (kisanduku cha sauti), inayozunguka chini ya tao la aota, huweza kujeruhiwa. Sauti ya kukwaruza baada ya mpira kutolewa ni dalili nzito.

Ndiyo maana nasisitiza umezaji utazamwe kwa kamera ya puani au eksirei ya video yenye bariamu, dawa inayoonekana kwenye eksirei, kwa kila mgonjwa kabla ya kula, na muda ambao eko ilikaa kooni uandikwe kwenye faili analosoma mtaalamu wa umezaji. Kabla ya hapo, chakula na dawa vipite kwenye mpira wa puani unaofika tumboni, kitanda kikiinuliwa nyuzi 30 hadi 45. Kuinamisha kidevu wakati wa kumeza pia kufundishwe tu ikiwa picha imeonyesha kunamsaidia. Wapo ambao hakuwazuii kupaliwa.