Mtoto asiyeona asifanywe mlinzi wa masweta

Pita kwenye kiwanja cha shule ya msingi wakati wa kipindi cha michezo, umtafute mwanafunzi asiyeona. Mara nyingi utamkuta chini ya mti, amepakata masweta ya wenzake. Wanasema wanamkinga asiumie. Mimi naona anadhulumiwa, maana asipokimbia utotoni, atajifunza lini kujizuia anapojikwaa?

Zianze mbio, kwa kuwa hazidai vifaa vya dukani. Simika nguzo mbili, mita 30 kati yake, ufunge kamba usawa wa kiuno cha mtoto. Kabla ya kuikaza, ipitishe ndani ya kipande cha bomba la maji cha sentimita 10, kingo zake umezipiga msasa. Mtoto hushika bomba, kamba isimchune kiganja. Mita 5 kabla ya kila nguzo piga fundo nene: bomba likigota hapo, analiachia na kupunguza mwendo. Wengi hukosea hapa. Fundo huwekwa mita moja tu kutoka nguzoni, na mtoto aliyeshika kasi hawezi kusimama ndani ya mita moja. Akishagonga nguzo mara moja, kumrudisha kwenye kamba ni kazi ya wiki nzima.

Akizoea, mpe mwenzake wa kumwongoza. Kamba ya mikononi iwe na vitanzi viwili, isiwe ya kuvutika, na isizidi sentimita 30. Mikono yao ya ndani ipunge pamoja; hapo miguu ya ndani nayo hukanyaga pamoja. Watembee hivyo kwanza mpaka hatua zilingane. Mwongozaji hamvuti mwenzake wala hatangulii. Asiyeona ndiye anayeamua kasi. Kwa hiyo mchague mwongozaji mwenye mbio kuliko yeye, si rafiki yake tu. Mkenya asiyeona, Henry Wanyoike, alishinda dhahabu ya mita 5000 kwenye Paralimpiki (michezo ya dunia ya wenye ulemavu) ya Sydney mwaka 2000, lakini mwongozaji wake aliishiwa nguvu karibu na mstari na nusura ushindi uwaponyoke.

Maneno yawe machache na yatangulie: “kushoto”, “tuta”, hatua mbili tatu kabla. Darasa zima linyamaze mpaka wamalize. Kushangilia katikati ya mbio, hata kwa upendo, kunamziba masikio.

Mwenye uoni hafifu asifungwe kitambaa machoni mazoezini. Atumie anachokiona, na kamba ya manjano itamsaidia. Wenye ualbino wakimbie asubuhi na mapema au jua likipoa, kwa kofia pana na mikono mirefu.

Kabla ya yote, daktari wa macho aulizwe, hasa kuhusu retina, yaani utando wa ndani nyuma ya jicho. Aandike kilichokatazwa kwa jina lake: kuruka, kupiga mpira kwa kichwa, kugongana. Karatasi iliyoandikwa “asicheze” tu, irudisheni kwake aifafanue.